JIKONI KWETU: Uji Mzito, Tumbo Dogo

Mwezi huu naomba tuongee juu ya sufuria ya uji. Najua wapo watakaocheka na kusema, "Uji nao ni wa kufundishwa?" Nami nilidhani hivyo, maana nimekoroga uji tangu nikiwa binti wa miaka minane nikimsimamia mdogo wangu. Lakini yapo mambo tunayoyafanya kila siku kwa mikono bila kujua kwa nini yanakuwa vile yanavyokuwa, na pengine kutojua huko kunamgharimu mtoto.

Jioni moja nilikwenda kumtazama mwenzangu mmoja wa kwaya, huko Mbagala. Nilimkuta barazani amempakata mwanawe wa miezi kumi, anamnywesha uji kwa kikombe. Baada ya salamu na maji ya kunywa, alinyamaza kidogo, kisha akaingia ndani akanitolea kadi ya kliniki.

"Dada, hebu itazame hii. Miezi mitatu mstari umelala. Huyu mtoto anakula! Asubuhi kikombe kizima, jioni kikombe kizima. Mama mkwe anasema nauza unga wa mtoto ninunue vitambaa. Nimwambie nini?"

Nilitazama kikombe. Uji ulikuwa mweupe, mwepesi, unatiririka kama maziwa yaliyoongezwa maji. Nikamwuliza kwa nini anaupika mwepesi hivyo, na unga anao.

"Nikiongeza unga unaganda, dada. Ukipoa tu unakuwa kama ugali. Anautema, au unamkaba. Sasa nifanye nini? Naongeza maji."

Hapo ndipo palipo na fundo lenyewe. Mama huyu hakuwa mvivu wala mchoyo. Alikuwa amebanwa katikati: uji mzito haushuki, uji mwepesi haujengi mwili. Ili tumtoe hapo, hatuna budi kwanza kufahamu uji unaganda kwa sababu gani.

Ndani ya punje ya unga

Unga wa mahindi, wa ulezi, wa mtama, hata wa muhogo, kwa sehemu kubwa ni wanga. Ukiutazama wanga kwa darubini utaona vipunje vidogo sana, vimefungwa imara. Ndani ya kila kipunje mmejaa nyuzi. Kila uzi umeundwa kwa chembe za sukari zilizoungana moja baada ya nyingine, mamia na maelfu, kama shanga kwenye mkufu. Wataalamu huuita mkufu wa namna hiyo polima. Katika wanga wa mahindi nyuzi ni za aina mbili: zile zilizonyooka, ambazo ni karibu robo, na zile zenye matawi mengi kama mti, ambazo ni karibu robo tatu.

Ukitia unga katika maji baridi, vipunje havifanyi lolote. Vinaelea kidogo kisha vinazama chini ya bakuli. Ndiyo maana tunaweza kuvuruga unga kwa maji baridi bila shida. Lakini ukitia unga mkavu moja kwa moja katika maji yanayochemka, unapata madonge. Sababu yake ni kwamba vipunje vya nje vya fungu lile hukutana na maji ya moto kwanza, vikavimba papo hapo na kujenga ngozi inayonata. Maji hayawezi tena kupenya kwenda ndani. Pasua donge lolote la uji uone: katikati unga bado mkavu. Mama zetu waliotufundisha kuvuruga kwanza kwa maji baridi hawakusoma darubini, lakini walikuwa sahihi.

Sasa washa jiko. Joto likifika kati ya nyuzi 62 na 72 za sentigredi, kabla hata ya kuchemka, vipunje vya mahindi huanza kunywa maji. Vinavimba mara nyingi kuliko ukubwa wake wa mwanzo, vinasongamana, na zile nyuzi zilizonyooka zinavuja nje na kuogelea katika maji. Hapo ndipo mkono unapoanza kuhisi mwiko umekuwa mzito. Hukuongeza unga wala hukupunguza maji. Yale maji yaliyokuwa huru yamemezwa na vipunje, na yaliyobaki yamejaa nyuzi zinazoshikana.

Wavu unapofungika

Ukiutoa uji motoni, kazi haijaisha. Wakati wa moto nyuzi zilikuwa zikitikisika na kuteleza, hakuna uliotulia karibu na mwenzake. Joto likipungua zinatulia. Uzi mmoja unalala kando ya mwingine, zinashikana hapa, zinashikana pale. Mwanzoni zinashikana vikundi vikundi, na uji bado unamiminika. Kisha hufika wakati ambapo vikundi vyenyewe vinaungana, na kutoka ukingo mmoja wa bakuli hadi mwingine pamekuwa na wavu mmoja tu. Wavu huo umeyateka maji yote ndani yake. Hapo uji haumiminiki tena. Ukiinamisha bakuli, unatikisika tu. Tunasema umeganda. Kwa lugha ya kitaalamu umekuwa jeli.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba kuganda huku hakuendi polepole kwa hatua sawasawa. Mwanakemia wa Marekani aitwaye Paul Flory alionyesha kwa hesabu mwaka 1941 kwamba nyuzi za namna hii zikiendelea kuungana, kuna kiwango fulani cha viungo ambacho kikifikiwa, ghafla wavu mmoja hutanda chombo kizima. Chini kidogo ya kiwango hicho una kimiminika. Juu kidogo una kitu kilichoganda. Mwaka 1974 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi zake juu ya polima. Sisi jikoni tunalijua jambo hilo kwa njia nyingine: uji ulikuwa mzuri, umegeuka kumchukua mtoto kitandani, umerudi, haumiminiki.

Wala si uji peke yake. Supu ya makongoro ikilala usiku inaganda, kwa kuwa ngozi na kano za mguu wa ng'ombe zimetoa nyuzi za protini ambazo zikipoa hujisokota pamoja. Mwani unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani kule Unguja, ambako kilimo hicho cha biashara kilianza mwaka 1989, hununuliwa nchi za nje kwa sababu ndani yake kuna nyuzi zinazogandisha maji. Hutumika katika aiskrimu na dawa ya meno. Yai likichemka, nalo ni wavu.

Ila nyavu hizi hazifanani. Ya makongoro ukiipasha moto inafunguka yote, supu inarudi kuwa supu. Ya yai haifunguki kamwe. Ya uji iko katikati: uji uliolala ukiupasha unalegea kidogo lakini madonge yanabaki, kwa kuwa zile nyuzi zilizonyooka zikishashikana vizuri zinataka joto kupita lile la maji yanayochemka ndipo ziachiane. Na kadiri zinavyokaa ndivyo zinavyozidi kubanana, hata kuyasukuma maji nje. Ndiyo yale majimaji unayoyakuta asubuhi juu ya uji wa jana, na ndiyo sababu kiporo cha ugali ni kigumu kuliko ugali wenyewe.

Hesabu ya kikombe

Turudi Mbagala. Nilimwomba yule mwenzangu anionyeshe kipimo chake. Vijiko viwili vya chakula vya unga, vilivyosawazishwa, katika kikombe kimoja cha maji, yaani robo lita. Kijiko kama hicho hubeba gramu 8 hivi za unga. Viwili ni gramu 16. Gramu moja ya unga wa mahindi hutoa karibu kalori 3.5. Basi kikombe kizima kina kalori 56. Kijiko cha chai cha sukari kinaongeza kama 16. Jumla 72.

Sasa tazama upande wa pili. Mtoto wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya vizuri anahitaji karibu kalori 300 kwa siku kutoka katika vyakula vingine, kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani. Vikombe viwili vya uji ule vinampa 144. Haifiki hata nusu. Je, aongezwe vikombe? Tumbo la mtoto mdogo hubeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 anajaa kwa mililita 240, yaani kile kile kikombe kimoja. Akishajaa, anageuza uso. Ameshiba kweli, ila ameshiba maji.

Ndugu zangu, hili si jambo la nyumba moja. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Mkoa wa Iringa, wenye mahindi tele, ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoongoza kwa udumavu. Kwa hiyo kuwa na unga ghalani si sawa na kuufikisha katika tumbo la mtoto. Sababu za udumavu ni nyingi, zikiwemo maradhi, maji machafu na kazi nyingi za mama, lakini uji mwepesi ni mojawapo ambayo tunaweza kuishika kwa mikono yetu wenyewe.

Njia mbili za kuulegeza uji

Ikiwa uji umeganda kwa sababu ya wavu, kuna njia mbili za kuulegeza. Ya kwanza ni kuongeza maji ili nyuzi zikae mbalimbali zisifikiane. Hiyo ndiyo tuliyozoea, na gharama yake tumeiona. Ya pili ni kuzikata nyuzi zenyewe. Uzi mrefu hushika huku na kule. Ukikatwa vipande vifupi hauwezi tena kufunga wavu, ijapokuwa chakula chote bado kimo ndani ya bakuli.

Utauliza, mkasi wa kukata nyuzi hizo tunautoa wapi? Hebu kumbuka jambo moja ambalo kila mama ameliona. Umemlisha mtoto uji mzito kwa kijiko, kijiko kinaingia kinywani na kurudi bakulini. Anashiba, anaacha nusu. Ukirudi baada ya muda mfupi, uji ule mzito umekuwa maji. Nani ameongeza maji? Hakuna. Ni mate. Katika mate kuna kimeng'enya kiitwacho amilesi, na kazi yake ni kukata nyuzi za wanga. Maziwa ya mama nayo yana kimeng'enya hicho, jambo linalomsaidia mtoto ambaye mwili wake bado hautengenezi cha kutosha.

Hatuwezi kumtemea mtoto mate katika uji. Lakini amilesi ipo pia mahali pengine, na bibi zetu waliijua: katika nafaka iliyooteshwa. Mbegu inapochipua inahitaji chakula, na chakula chake ni ule wanga uliofungwa ndani ya punje. Kwa hiyo hutengeneza amilesi nyingi ili ijikatie riziki. Nafaka hiyo ikianikwa na kusagwa, ndicho kimea.

Hapa nchini jambo hili lilifanyiwa kazi na wataalamu wetu. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, ilijaribu kimea kwa ajili ya chakula cha watoto wanaoanzishwa kula. Mwaka 1983 mtaalamu Mosha, akishirikiana na Ulf Svanberg kutoka Sweden, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba unga kidogo tu wa nafaka iliyooteshwa unatosha kuugeuza uji mzito kuwa wa kunyweka bila kuongeza maji. Mwaka 1990 wakachapisha mengine kutoka kijiji cha Luganga mkoani Iringa, ambako walipima ulaji wa watoto waliopewa uji uliolainishwa hivyo. Kwa hiyo hili si jambo la kusimuliwa tu. Lilipimwa katika nyumba za watu kama sisi.

Swali la mama mkwe

Nilipomweleza mwenzangu, mama mkwe wake alikuwa ndani anasikiliza. Akatoka na kanga yake begani.

"Mwanangu, umesema kimea? Kimea si ndicho cha pombe? Mjukuu wangu tumpe pombe, na nyumba hii tumeokoka?"

Nilimpigia magoti nikamwamkia, kisha nikamjibu kwa heshima, maana swali lake lina haki. "Mama, shikamoo. Ni kweli kimea hutumika kutengeneza pombe. Lakini kimea chenyewe hakina kileo. Pombe hupatikana pale rojo linapoachwa likae siku kadhaa pamoja na hamira au chachu, igeuze sukari kuwa kileo. Sisi tunakitia katika uji, kinakaa dakika kumi, tunachemsha, mtoto anakula. Ni sawa na unga wa ngano: unatengeneza mkate, na hakuna anayemwita mwokaji mlevi."

Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Kwetu Songea tulikuwa tunatia kwenye togwa. Watoto walikuwa wanakunywa." Nikamwambia, "Basi mama, wewe ndiye mwalimu, mimi nakukumbusha tu." Akacheka. Tangu hapo yeye ndiye aliyesimamia kazi ya kuotesha, na maneno ya vitambaa sikuyasikia tena.

Namna ya kutengeneza kimea

Tumia ulezi. Mtama nao huota vizuri, lakini chipukizi na mizizi ya mtama hubeba sumu, na usipoiondoa yote unaweza kumdhuru mtoto. Kwa hiyo kwa uji wa mtoto nashauri tubaki na ulezi.

1. Chambua ulezi, upete, uoshe mpaka maji yatoke safi. Kilo moja inatosha kwa muda mrefu.

2. Uloweke usiku kucha katika maji safi. Asubuhi mwaga maji.

3. Utandaze juu ya kitambaa safi chenye unyevu, ufunike kwa kingine. Weka mahali penye kivuli. Nyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu utaona vichipukizi vimetoka.

4. Anika juani juu ya jamvi safi, mbali na kuku na vumbi la barabarani, mpaka ukauke kabisa. Wakati wa masika usianze kazi hii kama huna uhakika wa jua. Nafaka yenye unyevu huota ukungu.

5. Sugua kwa viganja ili vichipukizi na vizizi vikatike, upete, kisha upeleke mashine au utwange. Hifadhi katika kopo kavu lenye kifuniko.

Ukiona ukungu, weusi usio wa kawaida, au harufu ya uvundo, tupa vyote. Usiseme "nitauosha". Ukungu wa nafaka unaweza kuleta sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo hiyo.

Namna ya kupika uji

Chukua vijiko 6 vya chakula vya unga, vilivyosawazishwa, na kikombe kimoja cha maji cha robo lita. Vuruga unga kwa sehemu ya maji hayo yakiwa baridi, chemsha yaliyobaki, changanya, koroga mpaka uive vizuri. Tia kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizosagwa, zile zilizochambuliwa vizuri zisizo na ukungu. Utakuwa mzito sana, mwiko unakaribia kusimama. Usiogope.

Epua. Uache kama dakika 10, upungue moto lakini uwe bado wa kuunguza ulimi. Hapa pana siri: uji ukiwa unachemka, amilesi inakufa kabla ya kufanya kazi, ukiwa umepoa kabisa, inafanya kazi kwa uvivu. Tia kijiko kimoja cha chai cha kimea kilichojaa, ukoroge. Utaona kwa macho yako uji ukilegea. Subiri dakika nyingine 10. Kama haujalegea vya kutosha, ongeza nusu kijiko.

Sasa urudishe motoni uchemke dakika chache. Usiruke hatua hii. Nafaka iliyokaa na unyevu siku mbili tatu ina vijidudu, na lazima wafe. Hofu yako itakuwa kwamba ukichemka utaganda tena. La hasha. Nyuzi zimekwisha kukatwa, haziwezi kusuka wavu.

Hesabu yake: unga gramu 48 ni kalori 168, kimea kama 14, karanga kama 87. Jumla karibu 270, katika bakuli linalozidi kidogo kikombe kimoja. Hata mtoto akibakiza robo yake, amepata kalori 200 na protini juu yake. Linganisha na zile 72.

Mambo ya kuangalia

Kimea hakiongezi chakula. Kinafungua tu mlango ili chakula kiingie. Ukikitia katika uji mwepesi, umepata maji zaidi. Unga lazima uwe mwingi kwanza.

Mtoto anayeweza kula kwa kijiko na anaupenda uji mzito, mwache aule mzito. Uji unaokaa juu ya kijiko bila kutiririka ni mzuri kwake. Kimea kinamfaa zaidi yule anayetema, anayekabwa, au aliyetoka kuugua na hana hamu.

Usitie uji katika chupa yenye chuchu, hata uwe mwepesi namna gani. Chupa hizo ni ngumu kusafisha na huleta kuhara. Kikombe na kijiko vinatosha.

Chakula hiki ni kwa mtoto aliyetimiza miezi sita. Kabla ya hapo ni maziwa ya mama peke yake, na baada ya hapo kunyonya kuendelee hadi miaka miwili au zaidi. Uji nao usiwe peke yake: kuna maharage, dagaa waliosagwa, mboga za majani, yai, papai na embe.

Na mstari wa kadi ukilala, usikae nyumbani ukijaribu uji tu. Mpeleke mtoto kliniki akaangaliwe. Huenda ana malaria, au kifua, au jambo jingine ambalo uji hauwezi kuliponya.

Yule mwenzangu alikwenda, na muuguzi akampima mtoto, akamtibu sikio lililokuwa likitoa usaha. Mwezi wa kwanza uzito haukusogea sana. Mwezi wa pili ulipanda gramu 300. Si nyingi, lakini kalamu ya muuguzi ilichora kwenda juu, na mama yake alikuja kunionyesha kadi pale nje ya kanisa kabla hata sijamaliza kushuka ngazi.

Kazi ya kuotesha kwa mtu mmoja inachosha, hasa kwa mama anayeamka usiku kwenda sokoni. Kwa hiyo wale wa kwaya yetu wenye watoto wadogo sasa wanaotesha pamoja, kilo tatu kwa zamu, nyumba yenye uwanja wa kuanikia, kisha kila mmoja anaondoka na kopo lake. Nanyi huko Tandika, Yombo, Mwananyamala na Bunju, mkiwa watatu tu mnatosha kuanza. Anzeni kabla mvua hazijashika.

Tukutane tena mwezi ujao, Mungu akipenda.